Jangwani Penye Roma, Misri na Yerusalemu

Ukitaka kuiona Roma ya Gladiator, Roma yenyewe haitakusaidia sana. Kipande cha Koloseo unachokiona kwenye filamu ile kilijengwa kwa mbao na plasta katika ngome ya Ricasoli, kisiwani Malta. Na ule uwanja mdogo wa vumbi, ambako Maximus, jemadari aliyegeuzwa mtumwa, anapigana kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanaomzomea, ulisimamishwa mwaka 1999 kusini mwa Morocco, chini ya kuta za kijiji cha udongo kiitwacho Aït Benhaddou. Filamu ilitoka mwaka 2000, ikazoa Oscar tano, na muda si mrefu ikafika kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Tanga, sauti ya mtafsiri ikiwa imemfunika kabisa Russell Crowe. Wenzangu walitoka mle wakirushiana mapanga ya fito. Mimi niliganda kwenye zile kuta. Nilitaka kujua ni za wapi.

Basi nimezifuata. Ouarzazate, mji ulio karibu na kijiji hicho, nilifika usiku, tumbo langu likiwa limebaki nyuma kwenye kona za Tizi n'Tichka. Hicho ni kipito cha milima ya Atlas, mita 2,260 juu ya usawa wa bahari, na basi litokalo Marrakech hukipanda likinguruma na kukishuka likinusanusa breki. Utingo alitugawia mifuko midogo kwa adabu zote, kama agawaye peremende, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinimenyea chungwa, akanipa ganda ninuse. Lilisaidia zaidi ya vidonge vyangu.

Kulipopambazuka, Atlas ilikuwa imekaa kaskazini ya mji na theluji yake kichwani. Chini yake kila kitu kilikuwa na rangi moja: nyumba, kuta, ardhi, hata vumbi la viatuni mwangu. Ni wekundu unaoelekea hudhurungi, na jua linapopanda unaelekea dhahabu. Mwezi wa Machi, baridi ya asubuhi huuma masikio hasa, kisha kufikia saa tano unatafuta kivuli. Barabara ni pana na zimefagiwa. Harufu ya kwanza ni ya moshi wa kuni na ngano inayoiva, kwa sababu mitaa bado ina matanuri ya jumuiya, na watoto hupita wamebeba vibao vya donge lililofunikwa kitambaa, wanakwenda kuokesha mikate ya nyumbani kwao kabla ya shule.

Nilikunywa chai kwenye mgahawa wa mzee mmoja aliyevaa djellaba ya sufi yenye kofia ya ncha. Aliniletea msemen, ambayo ni chapati ya pembe nne iliyokunjwa tabaka kwa tabaka, na kibakuli cha amlou: lozi zilizosagwa, mafuta ya argan na asali. Sijui kwa nini kitu hiki hakijafika pwani yetu. Chai ya nanaa aliimimina toka juu, mkono wake ukipanda hadi usawa wa bega, povu likajaa juu ya bilauri, halafu akairudisha yote kwenye birika, akaimimina tena. Nilimsalimia kwa Kiarabu changu cha madrasa. Akacheka, akamwita mwanawe aje asikilize mgeni anayeongea kitabu. "Hapa sema labas," akanifundisha. Kisha akashusha sauti: "Na huko Aït Benhaddou useme azul. Wao ni Amazigh. Watakupenda."

Teksi kubwa za Morocco haziondoki mpaka zijae abiria sita, na Ijumaa asubuhi watu hawana haraka ya kwenda popote. Tulikuwa watatu kwa muda mrefu sana. Dereva alisafisha kioo, akasafisha tena kioo kilekile, akaninunulia mbegu za alizeti. Hatimaye ikaja familia yenye kuku wawili ndani ya kikapu, tukabanana, na kilomita thelathini hivi za jangwa la mawe zikaanza kupita dirishani. Kuku mmoja alinidonoa njia nzima.

Halafu kona moja, na pale ng'ambo ya mto Ounila kikasimama kile kijiji.

Watu wa huku huita makazi ya namna hii ksar: nyumba nyingi zilizoshikana ndani ya ukuta mmoja, zikipanda kilima, minara ya pembeni ikiwa imechorwa nakshi za pembetatu kwenye udongo wenyewe, na kileleni ghala la nafaka la jumuiya lenye ngome yake. Misafara ya ngamia iliyotoka nchi za Sudan ya kale kwenda Marrakech ilipita hapa. UNESCO iliiweka Aït Benhaddou kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Lakini cha kufurahisha ni hiki: majengo yake ya zamani zaidi hayaelekei kuvuka karne ya 17. Warumi hawakuwahi kutawala huku kusini mwa Atlas. Magofu yao halisi yako Volubilis, mbali kaskazini, karibu na Meknes. Zucchabar nayo, jina ambalo filamu imelipa mahali hapa, ilikuwa mji wa kweli wa enzi za Warumi, ila ulikuwa katika nchi tunayoiita Algeria leo. Kijiji hiki kimekodiwa uzee usio wake, na kimeuvaa vizuri kuliko wenyewe.

Nilivuka daraja la waenda kwa miguu, nikaingia vichochoroni kabla mabasi ya watalii hayajafika. Ndani kuna ubaridi wa mtungi. Niliweka uso karibu na ukuta. Ukiutazama kwa mbali ni laini. Ukiusogelea umejaa vipande vya majani makavu ya ngano, kokoto, na hapa na pale alama za vidole vitano vya mtu aliyesawazisha udongo akaondoka bila kufuta. Mikono ya watu iko wazi humu, kuanzia msingini hadi juu.

Mmoja wa wenye mikono hiyo nilimkuta nyuma ya msikiti, anaziba ukuta ulioliwa na mvua za kipupwe. Alikuwa na vijana wawili waliokunja suruali, wanakanyaga udongo na majani ndani ya shimo, miguu mitupu, maji yakiongezwa kidogo kidogo. Kazi kubwa yenyewe hufanyika kwa mbao mbili zilizosimamishwa sambamba: udongo mkavukavu unamwagwa katikati, mtu anapanda juu na mchi mzito, anashindilia mpaka sauti ya mchi ibadilike toka bubu hadi kuwa kali. Hapo ndipo anaridhika, mbao zinasogezwa mbele. Nilimwambia azul. Aliacha mchi, akajifuta mkono kwenye kanzu, akanipa.

"Kila mvua kubwa inaondoka na kitu," alisema, kijana wake akitafsiri kwa Kiingereza cha wageni. "Ukiacha miaka michache bila kugusa, nyumba inarudi kuwa kilima." Akanionyesha ufa uliotokana na tetemeko la Septemba 2023, lile lililoua karibu watu 3,000 huko milimani. Aliupapasa, hakuongeza neno. Nilimuuliza kama aliwahi kuwajengea watu wa filamu. Akashangaa swali. Kwani nani mwingine angewajengea? Mafundi waliofuatana na Ridley Scott, mkurugenzi wa Gladiator, walipohitaji uwanja wa mapigano wa matofali ya udongo, walitumia udongo wa hapa na ufundi wa hapa. Ule uwanja umekwisha kuondolewa. Ukisimama darajani unaona sehemu tambarare tu, punda wawili, na mtalii mmoja ananyoosha mikono kama Maximus, akimuuliza mkewe kama ameburudika.

Na Scott hakuwa wa kwanza. Sodom and Gomorrah ilipigwa hapa, ikatoka mwaka 1962, mwaka uleule wa Lawrence of Arabia, ambayo nayo ilipita pande hizi. Pasolini alikuja na mfalme wake Edipo wa Ugiriki ya kale, filamu ikatoka mwaka 1967. John Huston akafuata na The Man Who Would Be King mwaka 1975. Ukiwauliza watu wa hapa, hizi ndizo tarehe zao: fulani alizaliwa mwaka wa filamu ile, kisima kilichimbwa mwaka wa filamu hii.

Kwenye uchochoro unaopanda ghalani, kijana mmoja alikuwa anachora kwa chai. Nilidhani sijasikia vizuri. Alichovya brashi kwenye kikombe cha chai yenye sukari, kingine cha zafarani, kingine cha nili, akachora karatasini mistari ambayo haikuonekana sana. Kisha akaipitisha karatasi juu ya moto wa gesi, taratibu, na minara ya kijiji ikatokea yenyewe, kahawia, sukari ikiungua na kutoa harufu ya kashata. Aliponisikia natoka Tanzania alisema, "Ibn Battuta!" Mzaliwa wa Tangier huyo, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kijana akadai kwamba kwa hiyo sisi ni watu tuliokwisha tembeleana, na zamu ya kurudisha ziara imechelewa sana. Akanipunguzia bei. Sikuamini punguzo, ila hoja niliipenda, nikanunua.

Baada ya sala ya Ijumaa kijiji kilifungwa. Migahawa yote miwili niliyoiona ilikuwa na mlango uliorudishwa, na nilikuwa nimesimama kwenye jua nikijilaumu kwa kutobeba mkate, pale mama mmoja alipotoa kichwa mlangoni. Familia zinazoishi bado ndani ya kuta ni chache. Wengi wamehamia kijiji kipya ng'ambo ya mto, kwenye umeme wa uhakika na shule. Mama huyu alibaki. Aliniita kwa mkono, kiganja chini, kama tuitavyo sisi, na sikuhitaji mkalimani.

Ijumaa Morocco ni siku ya kuskusi. Sinia lilikuwa moja, la udongo, na tulikuwa wengi: mama, wanawe, wakwe, na jirani ambaye nadhani naye alipita tu. Ngano iliyofukizwa ilikuwa imerundikwa kilima, juu yake karoti, maboga, kabichi, tanipu na dengu, na nyama imefichwa katikati. Kila mtu anakula upande wake, na ukifika karibu na nyama, mwenyeji anakusogezea kipande kwa kidole bila kukutazama usoni, ili usione haya. Mimi nilisogezewa vipande vitatu. Pembeni kulikuwa na lben, maziwa ya mgando yenye ubaridi. Nilijaribu kuacha fedha chini ya bilauri. Binti wa mama alinifuata hadi kichochoroni, akanirudishia, na kunipa lozi za kuweka mfukoni.

Alasiri upepo uliamka. Upepo wa jangwa una adabu mbaya: unaingia kwenye mkate, kwenye kamera na katikati ya meno. Nikiwa nimejifunga kilemba kama nilivyofundishwa na dereva, nilishuka njiani kabla ya mjini, kwenye lango linalolindwa na sanamu kubwa za Kimisri. Hizi ni Atlas Studios, zilizoanzishwa na Mohamed Belghmi mwaka 1983.

Mwongozaji wetu alikuwa binti mchangamfu aliyezungumza Kifaransa kwa kundi na kunifupishia mimi kwa Kiingereza, kila dakika kumi za maelezo zikawa sentensi moja. Ndani ya saa nzima unapita kwenye dunia iliyopangwa bila haya. Hii hapa ndege ya kivita ya The Jewel of the Nile ya mwaka 1985, iliyowekwa juu ya mchanga na haijawahi kuruka. Hatua chache, monasteri ya Tibet iliyojengwa kwa ajili ya Kundun ya Martin Scorsese. Geuka: hekalu la Misri lenye kondoo wa mawe waliolala safu mbili, wa ile filamu ya Asterix na Kleopatra ya mwaka 2002. Kwa mbali kwenye tambarare zinaonekana kuta za Yerusalemu ya Kingdom of Heaven, kazi ya Ridley Scott tena, ya mwaka 2005.

"Gonga," binti akaniambia tulipofika kwenye nguzo ya hekalu. Nikagonga. Ilitoa sauti ya debe. Nguzo ambayo ungeapa imechongwa toka mwamba mmoja ni plasta nyembamba juu ya mbao, na pale ilipomeguka nyuzi zilining'inia nje. Nilizivuta kidogo. Mtu wa Tanga hawezi kupita kwenye nyuzi ngumu za namna ile bila kuona mashamba ya katani mbele ya macho. Ni nyuzi hizo zinazoishikilia Misri isianguke.

Kuna watalii wanaonung'unika wakifika hapa. Nilimsikia mmoja akisema amelipa kuona uongo. Mimi nilitaka kuzunguka nyuma ya kila ukuta, kwa sababu huko nyuma ndiko kunakofurahisha: mabomba ya jukwaa, misumari iliyopindishwa, hesabu za fundi zilizoandikwa kwa penseli kwenye ubao, jina la mtu na moyo uliochomwa mshale. Mbele ni Farao. Nyuma ni kijana wa Ouarzazate aliyekuwa na mchumba. Plasta nayo inaliwa na mvua zilezile zinazokula Aït Benhaddou, na wanaoiziba ni mafundi wa pande hizihizi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, filamu za kale zinapendeza zaidi zikitoka hapa kuliko zikitoka kwenye kompyuta. Watengenezaji wenyewe watakutajia mwanga, gharama nafuu, milima na jangwa kwa pamoja, jeshi linaloazimisha askari wa kujaza vita. Yote ni kweli. Ila mwanga upo nchi nyingi. Watu ambao bado wanajua kusimamisha ukuta kwa mchi na miguu mitupu ni wachache.

Jioni nilirudi mjini, kwenye uwanja ulio mbele ya kasbah ya Taourirt, jumba la udongo la ukoo wa Glaoui, ambao mkubwa wao Thami alikuwa Pasha wa Marrakech enzi za Wafaransa. Upepo ulikuwa umetulia. Watoto walicheza mpira, wanawake wakakaa kwenye kingo za bustani na mbegu zao za alizeti, na harufu ya harira, supu ya dengu, nyanya na giligilani, ikatoka kwenye kila mlango. Nilikaa karibu na mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa kwa uangalifu ambao haukuwa wa kawaida. Ndevu hizo, nilikuja kujua, ni kitendea kazi.

Amekuwa mwigizaji wa nyongeza tangu ujana. Wako wengi hapa. Ali Essafi aliwatengenezea filamu yao mwaka 2001, Ouarzazate Movie. Mzee alikuwa Mrumi, akawa Myahudi, akawa Mmisri, akauawa na Wapersia na baadaye akawa Mpersia. Filamu nyingi alizoigiza hakuwahi kuziona ukumbini. Baadhi aliziona kwenye televisheni ya mgahawa, akanyoosha kidole, wenzake wakasema ni mgongo wa mtu mwingine. Posho ya siku si kubwa, na aliitaja bila kulalamika wala kuisifu. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, nikifikiria bajeti za mamilioni ya dola. Akanipoza kwa kuniagizia harira.

Kilichomuudhi yeye ni kitu kingine. Siku moja, katika jeshi la watu mia kadhaa, mkurugenzi alisimamisha vita vyote kwa kipaza sauti kwa sababu ya askari mmoja aliyevaa saa ya mkononi. Farasi walirudishwa, moshi ukawashwa upya, jua likaanza kuondoka. "Alikuwa nani?" nikauliza. Akanywa supu yake kimya kimya. Rafiki zake watatu kwenye benchi la pili wakaangua kicheko kilichowashtua njiwa.

Kwa mujibu wake kuna kampuni iliyofika juzi, na wanatafuta watu. Filamu nyingine ya kale. Ya nani na ya enzi gani hakujua, na hakuona umuhimu. Wakati Scott aliporudi hapa mwaka 2023 kupiga Gladiator II, mji mzima ulifuga ndevu. Akanitazama toka kilembani hadi viatuni, kwa jicho la mtu anayekagua bidhaa.

"Unajua kupanda farasi?"

"Hapana, baba. Baiskeli tu."

"Basi utakwenda kwa miguu. Wanaokwenda kwa miguu hufa mapema, wanakula mapema." Akaniambia gari litapita hapohapo uwanjani saa kumi alfajiri, nije na koti, maji na mkate. Basi langu la kwenda bonde la Drâa lilikuwa saa mbili na nusu, na tiketi nilikuwa nimekwisha kuilipia, tena hairudishwi. Nilimweleza hivyo. Akasema mabasi yapo kila siku, na vita havipo kila siku. Mmoja wa wale rafiki zake akaniinamia, akagonga kifundo changu cha mkono kwa kijiko cha supu, pale penye saa.